Muulize fundi mstaafu: Nimebaki na shimo la bafu

Mvua za masika zikiisha, barua za safu hii huongezeka. Maji yakishaonyesha mahali yanapopenda kupitia, ndipo watu hukumbuka kwamba kuna fundi mmoja mzee huku Maragoli aliyeweka mwiko chini na sasa anauza maneno. Kwa msomaji mpya: nilianza kubeba karai Kondele, Kisumu, mwaka 1984, nikapanda hadi mwiko, baadaye nikawa na vijana wangu wa kazi. Kilichonistaafisha ni mgongo. Wenye nyumba wamenikosea, nami nimewakosea, kwa hiyo msiniandikie mkidhani mnamwandikia mtakatifu.

*

*Mzee, pokea salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mwalimu. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua nyumba ya zamani hapa Section 58. Bafu na jiko vilikuwa vimechoka. Kontrakta tuliyeelekezwa na mtu wa kanisani alitupigia hesabu ya shilingi 340,000, kazi na vifaa vyote, akaomba asilimia 70 mbele ili awahi vigae kabla bei haijapanda. Nilimtumia 238,000 kwa M-Pesa, kwa awamu tatu. Vijana wawili walikuja, wakabomoa sakafu ya bafu na ukuta mmoja wa jiko, wakang'oa sinki, wakaenda. Hii ni wiki ya tano. Nikipiga simu ananiambia, "Niko safarini, mwalimu, Jumatatu nafika." Hatujui ni Jumatatu ya mwaka gani. Tunaoga kwa jirani. Hatukuandikiana chochote ila ujumbe mmoja wa WhatsApp wenye ile jumla. Niende polisi? Na nikipata fundi mwingine, nitajuaje kwamba si yuleyule mwenye jina jingine?*
Mwalimu wa Section 58

Mwalimu, pole sana. Kubeba taulo kwenda kwa jirani wiki tano si jambo dogo, hata kama jirani anacheka nawe.

Kwanza nikueleze kilichotokea, maana nadhani nakijua. Kubomoa ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwenye mjengo. Inataka nyundo, patasi na vijana wawili waliokunywa chai. Haitaki kigae hata kimoja. Ila ndiyo inayomfunga mwenye nyumba, kwa sababu bafu likishakuwa shimo huwezi tena kumwambia fundi umebadili nia. Fundi aliyebeba kazi nyingi hukimbilia kubomoa kama abiria anayeweka koti juu ya kiti cha matatu halafu anashuka kununua maji. Kiti kimeshikwa, na mwenyewe yuko kwingine.

Najua kwa sababu nimefanya. Mwaka 1996 nilikuwa na mabafu matatu yaliyo wazi kwa wakati mmoja, mawili Milimani ya Kisumu na moja Migosi. Sikuwa nimekusudia kumwibia mtu. Hesabu ya bafu la kwanza niliikosea, pesa ikaisha vigae vikiwa nusu ya ukuta, nikachukua kazi ya pili ili nimalizie ya kwanza, kisha ya tatu ili ninunulie vifaa ya pili. Kwa lile la tatu sikuwa na kitu ila maneno. Yule mama wa Migosi hakunipigia kelele. Alikuja kwangu Jumapili asubuhi na ndoo, sabuni na taulo, akamwambia mke wangu amekuja kuoga, na atakuja kila siku. Majirani wote walikuwa nje. Bafu lake lilikwisha wiki hiyohiyo, kwa pesa ya kukopa.

Kwa hiyo zile 238,000, ninavyokisia, ziko kwenye ukuta wa mtu mwingine. Ndiyo maana simu hazisaidii: huyo mtu hana cha kukupa kwa simu. Atatafuta pale tu atakapoona tarehe na karatasi.

Polisi watakuambia, kuna uwezekano mkubwa, kwamba hilo ni deni. Mahali pako ni Mahakama ya Madai Madogo, na Nakuru ipo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, na tangu 2020 inapokea madai ya hadi shilingi milioni moja. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Kabla ya kufika huko, ita fundi mwingine anayejiheshimu, umlipe kwa nusu siku yake, apime na kuandika thamani ya kazi iliyofanyika: kubomoa, kutoa kifusi kama kilitolewa, basi. Aweke jina na sahihi. Piga picha za shimo, pamoja na mahali sinki ilipokuwa. Toa taarifa ya M-Pesa yako inayoonyesha zile awamu tatu na jina la mpokeaji. Ule ujumbe wa WhatsApp usiudharau hata kidogo, ni maandishi. Kisha mwandikie kwa heshima kwamba thamani ya kazi ni kiasi fulani, aliyopokea ni 238,000, na tofauti unaitaka au kazi iendelee kufikia tarehe fulani. Mpe siku 14. Wengi hurudi hapo. Akirudi na pesa, pokea. Akirudi na vijana wawili na nyundo, usimruhusu abomoe kingine.

Swali lako la pili ndilo ninalopenda zaidi.

Watu wakitafuta fundi huuliza, "Unaweza kunionyesha kazi uliyomaliza?" Fundi yeyote ana kazi ya mwezi uliopita inayong'aa. Omba kuona bafu la miaka miwili. Nenda na sarafu ya shilingi kumi, gonga vigae kimoja kimoja, hasa vya chini karibu na tundu la maji. Kigae kilichoshika vizuri hutoa sauti nzito, fupi. Kilicho na hewa nyuma yake hulia kama debe. Halafu mwenye nyumba akikuletea chai, muulize swali moja tu: kitu kilipoharibika, alirudi? Usiulize kama kitu kiliharibika. Kiliharibika.

Tazama pia jina lake kwenye rejista ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile inayoitwa NCA. Makontrakta wamepangwa ngazi 1 hadi 8, ngazi ya 8 ikiwa ya chini kabisa, na tovuti yao inakuruhusu kutafuta jina la kampuni. Kusajiliwa hakunyooshi vigae, nimeona waliosajiliwa wakipiga sakafu inayorudisha maji sebuleni. Lakini aliyesajiliwa ana kitu cha kupoteza, na mtu mwenye kitu cha kupoteza hupokea simu.

Sasa pesa. Usirudie "kazi na vifaa" kwa bafu moja na jiko. Tenganisha. Fundi akuandikie orodha ya vifaa, wewe uende hadiwea mbili au tatu uulize bei, ulipe mwenyewe, risiti ibaki mkobani mwako. Fundi anabaki na leba tu, na leba inafuata kazi. Tuseme mmekubaliana leba ya 80,000. Mpe 10,000 akishabomoa na kifusi kimeondoka kwenye uwanja wako (kifusi kisemwe wazi, mimi nimeona watu wakigombana juu ya lori moja la kifusi kuliko juu ya nyumba). Mpe 20,000 bomba zikishapita majaribio. Mpe 20,000 plasta na ile dawa ya kuzuia maji vikishakauka. Mpe 22,000 vigae vikikamilika na viungo vimejazwa. Zile 8,000 kaa nazo siku 30, watu wakioga kila siku. Fundi mzuri atanung'unika kidogo halafu akubali. Anayekataa kabisa kuachiwa 8,000 nyuma anajua kitu kuhusu bafu lako ambacho wewe hujui.

Kwenye majaribio ya bomba usikubali maneno. Kabla ukuta haujafungwa, jazeni bomba maji, fungeni kila mfereji, someni mita jioni na muisome tena asubuhi. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja. Kwenu Nakuru hili ni zito kuliko kwetu, kwa sababu ardhi yenu ni majivu ya volkano. Bomba likivuja chini ya sakafu, maji hubeba udongo kimyakimya, na unakuja kujua siku kona ya bafu inapozama. Vigae vikishawekwa, mwaga ndoo nzima kwenye kona iliyo mbali na tundu, utazame. Maji yote yaende yenyewe. Yakibaki dimbwi, zile 22,000 nazo zinabaki.

*

*Mzee, nakuandikia kutoka Doha, Qatar. Nilimbadilishia mama paa la nyumba yake Luanda, Vihiga. Fundi ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, na kaka yangu mkubwa alisimamia. Nilituma pesa ya mabati ya geji 28 na nilikuwa nikipokea picha kila jioni. Sasa mvua imenyesha na mama anapanga sufuria sebuleni. Kaka anasema ni mvua tu ya mwaka huu. Nifanyeje bila kuvunja familia?*
Mwana wa mbali

Kijana wangu, lundo moja la mchanga lina pande nne, na kila upande ni picha. Nimefanya kazi na msimamizi aliyekuwa akiniomba nisogeze wilibaro ili picha ya Alhamisi isifanane na ya Jumatano. Picha ya jioni inakuonyesha kwamba jua lilitua.

Tuanze na paa lenyewe, ndipo tuje kwa watu.

Geji ni namba inayokwenda kinyume: 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Risiti inaweza kusema 28 na lori likaleta 32, na kutoka chini, likiwa limepakwa rangi, hata mimi nisingetofautisha kwa macho. Mara nyingi bati huwa na chapa ya kiwanda na unene wake. Tafuta kijana wa jirani asiye wa familia apande ngazi asome chapa hiyo, apige picha ya chapa, si ya paa. Hapo utajua kama una tatizo la bati au tatizo la mkono.

Ila bati jembamba halivuji likiwa jipya. Linalovuja mwaka wa kwanza huwa ni mkono. Akiwa juu huko huyo kijana atazame misumari. Bati la mawimbi lina mgongo na bonde, na msumari wa paa, ule wenye mpira, unatakiwa mgongoni. Ukipigwa bondeni, maji yote ya lile bonde yanapita juu ya kichwa chake. Atazame pia mahali bati la juu linapolalia la chini: lipitane angalau inchi 6. Mafundi wakiona bati zinakaribia kuisha huanza kuiba hapo, inchi mbili kila safu, na mvua ya Vihiga inayokuja na upepo husukuma maji kurudi juu. Jambo la tatu ni mbao. Kama kenchi za zamani zilirudishwa na zilikuwa na mchwa, msumari haushiki, bati linapumua upepo ukija, na tundu linapanuka kila siku. Dalili ni vumbi la mbao juu ya kabati la mama.

Misumari ya bondeni inarekebishika kwa siku mbili: ing'olewe, matundu yazibwe vizuri, mipya ipigwe mgongoni. Mwingiliano mfupi ni kazi kubwa zaidi, safu nzima hushushwa. Usikubali wapake lami juu ya kila kitu. Jua la Januari litaipasua na mtarudi palepale na paa chafu zaidi.

Sasa familia. Usimwite kaka mwizi, kwa sababu hujui bado, na hata ukijua. Huyo fundi ni mtoto wa mjomba wako, basi njia yako imekwisha kuchongwa. Mpigie mjomba, umsalimie vizuri, umweleze kwamba dada yake analala chini ya sufuria. Usitaje pesa. Mjomba hatapenda kusikia hilo kutoka Qatar, na atamtuma kijana wake juu ya paa kabla hujamaliza salio. Mimi nisingepoteza dakika kwa njia nyingine yoyote.

Ukijenga tena, vifaa lipa wewe mwenyewe moja kwa moja kwa hadiwea, kwa namba yao ya till, na geji iandikwe kwenye risiti. Mwombe mama ahesabu. Kaka ana shughuli zake, binamu ana zake, lakini anayelala chini ya paa hana sababu ya kukosea hesabu. Mifuko mitupu ya saruji isichomwe wala kugawiwa: mama aihifadhi mpaka useme. Mfuko wa kilo 50, plasta ya unene wa milimita 15 kwa kipimo cha saruji 1 kwa mchanga 4, unakupa kama mita 8 au 9 za mraba. Ukuta unaujua urefu wake. Hesabu mifuko mitupu, piga hesabu, na usiku huo utajua kama saruji iko ukutani au iko kwenye banda la kuku la mtu.

*

*Baba, niko Nyamasaria, Kisumu. Tuliongeza chumba kimoja ubavuni mwa nyumba miaka miwili iliyopita. Sasa kuna ufa wima mahali nyumba mpya inapokutana na ya zamani. Fundi ameuziba mara mbili kwa saruji na mara mbili umefunguka. Anasema saruji ya siku hizi ni mbovu.*
Mama wa watatu

Saruji haina hatia. Mwenye hatia ni ule udongo mweusi wa Kano chini ya miguu yako. Mvua ikija unavimba, kiangazi kikija unasinyaa mpaka unaweza kuingiza mkono kwenye nyufa za shamba. Nyumba ya zamani ilishazoea mahali pake. Chumba kipya kina msingi wake, nadhani wa kina kidogo kuliko ule wa kwanza, na kinapanda na kushuka peke yake. Kwenye maungo ndipo zinapoachana.

Nyote mnaijua ile methali ya ufa na ukuta. Kwenye udongo mweusi, ufa ukiuziba kwa saruji mapema ndipo unapojenga ukuta mara mbili. Uache kwanza. Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia juu na chini, andika tarehe. Bandika kipande chembamba cha kioo kivuke ufa, kwa plasta kila upande. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea. Ufuatilie mvua moja na kiangazi kimoja. Wakati huo fanya jambo linalofaa kuliko kuziba: ondoa maji karibu na ukuta. Weka mifereji kwenye paa, maji yapelekwe mbali, na kama kuna migomba inayonyweshwa hapo ubavuni, ihamishe. Udongo mweusi hauna shida ukikaa mkavu daima au maji daima. Kinachovunja nyumba ni kubadilika.

Ukitulia, ufa huo ujazwe kitu laini kinachonyumbulika, silikoni au mfano wake, kisha rangi. Ukizidi kupanuka, au mlango ukianza kukwama, au ukaona ufa mwingine wa kulala kama ngazi kwenye matofali, hapo muite mhandisi, si fundi, na si mimi.

Kwa wengine wanaotaka kuongeza chumba upande huo wa Kisumu: sisi tulikuwa tunachimba mpaka tuupite weusi wote, futi nne, tano, mahali pengine zaidi, na tulikuwa tunaacha nafasi kama ya nusu inchi kati ya ukuta mpya na wa zamani badala ya kuviunganisha kwa saruji. Ramani nayo ipitie kwa kaunti kabla jembe halijagusa ardhi. Kwa sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 idhini hiyo ni kazi yao, na wakija kuweka alama ya rangi nyekundu kwenye ukuta wako fundi atakuwa ameshahamia kazi nyingine.

*

*Mzee wetu, na sisi mafundi tuna machozi. Niko Kakamega. Mteja alinipa kazi ya kubadilisha dari na kupaka rangi vyumba vitatu. Katikati akataka rafu za jikoni. Kisha mlango usogezwe. Kisha rangi aliyoichagua mwenyewe haipendi. Kila mara anasema, "Utashughulikia tu hapo." Sasa nadai 27,000 na anasema tulikubaliana bei moja. Nimeacha kazi. Nimekosea?*
Fundi wa dari

Mwanangu, barua yako niliisoma mara mbili na mara zote mbili nilikuwa upande wako. "Utashughulikia tu hapo" ndiyo sentensi ghali kuliko zote kwenye mjengo, na anayeilipia huwa ni fundi.

Nunua daftari la shilingi hamsini. Mteja akitamka neno jipya, kabla hujagusa kitu, liandike mbele yake: kusogeza mlango, leba kiasi fulani, siku mbili zaidi, yeye anunue saruji na fremu. Aweke sahihi. Akikataa kuweka sahihi, mlango haujataka kusogea. Wateja wengi si wabaya, mwanangu. Mtu akiona nyumba yake imefunguliwa huanza kuota ndoto, na ndoto haina bei mpaka mtu aiandikie. Ya rangi ni wazi kabisa: aliichagua yeye, rangi ya pili ni kazi ya pili. Lita moja ya rangi inafunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, basi hata nusu saa ya hesabu mbele yake ingemwonyesha ni madebe mangapi anayatupa.

Kuacha kazi hukukosea, ila umeacha vibaya kama uliondoka bila kusema. Rudi, umwambie mbele ya mtu mmoja anayemheshimu: hiki kilikuwa kwenye bei ya kwanza, hivi vitatu havikuwamo. Punguza kidogo kwa ajili ya amani. Ningekubali 22,000 leo kuliko 27,000 za kuhadithia wajukuu. Tena chunga jambo moja unalolijua wewe na mimi: usimwendee na habari ya karo ya mtoto. Ukileta karo, deni linageuka msaada, naye ataamua akusaidie kiasi gani.

*

*Mzee, samahani kwa swali dogo. Nikileta fundi nyumbani Bungoma kwa wiki mbili, ni lazima nimpikie?*
Mama Mdogo

Si lazima, lakini msemezane siku ya kwanza, kwa sababu fundi aliyedhani atakula na akakosa hukata kona zake mwenyewe. Kama hupiki, ongeza kidogo kwenye leba ya siku na ajitegemee. Kama unapika, pika saa nne, githeri au chai nzito na viazi vitamu, maana ukichelewa watatoka kutafuta hoteli, na hoteli ya mjini ina televisheni.

Nilijenga kwa mama mmoja huko Webuye aliyekuwa akimenyea viazi chini ya mparachichi, mita kumi kutoka kwenye karai letu, toka asubuhi. Hakusema kitu kuhusu kazi yetu wiki tatu nzima. Siku moja kijana wangu alichanganya karai moja na mchanga mwingi kupita kiasi. Mama alisimama, akaja na sufuria ya viazi, akaiweka juu ya ule mchanganyiko, akarudi kwenye kiti chake. Tuliutupa, tukachanganya mwingine.